Daftari la mazingira na michoro ya watu: nitadumishaje mazoezi yote mawili?

Muuguzi wa Tanga

Shikamooni wakubwa, na rika langu nawasalimu. Nina swali ambalo nimekaa nalo kwa muda mrefu, na ninaomba ushauri wa wale waliotangulia katika kazi ya kuchora.

Mimi ni muuguzi na ninaishi Tanga mjini. Nilipenda kuchora tangu shule ya msingi, nikaacha nilipoingia chuoni, na miaka mitatu iliyopita nikaanza upya kwa kununua daftari la karatasi nyeupe na penseli mbili. Tangu siku hiyo nimeanzisha madaftari saba, na sijamaliza hata moja. Kila daftari lina kurasa kumi au kumi na tano zilizojazwa kwa bidii, kisha pengo la miezi miwili, na nikitaka kurejea naona aibu kuendelea na lile la zamani, kwa hiyo nanunua jipya.

Ninavyovipenda ni viwili. Cha kwanza ni daftari la mazingira, yaani kwenda mahali penye miti, ndege au wadudu, nikachora ninachokiona na kuandika pembeni tarehe, saa, hali ya hewa na maswali yanayonijia. Kuna ufukwe wenye mikoko, mwendo wa dakika ishirini kwa baiskeli kutoka nyumbani, na huko ndiko ninakokwenda. Cha pili ni kuchora umbo la binadamu, na hapa ndipo ninaposhindwa zaidi. Mifupa naijua kwa majina kuanzia mtulinga hadi kisigino, na najua kwamba mtu mzima aliyesimama wima hupimwa kwa vichwa saba na nusu hivi, lakini watu ninaowachora wamekakamaa kama nguzo za umeme.

Shida yangu kubwa ni kwamba hakuna kinachotulia. Yangeyange akisimama majini nikachora shingo, kabla sijafika miguuni ameruka. Watu ndio zaidi. Mwezi uliopita nilikuwa kituo cha mabasi nikimchora mtu aliyeegemea ukuta, akaniona, akaja kwa hasira akitaka kujua namchora kwa ajili ya nini, nami kwa hofu nikauchana ukurasa mbele yake. Tangu siku hiyo sijachora mtu mwingine nje ya nyumba yetu. Aidha, kazi yangu ni ya zamu, kwa hiyo ule ushauri wa kuchora kila siku saa ile ile siuwezi.

Je, niwe na daftari moja au mawili? Nianze na lipi? Na mwenye zamu kama zangu anawezaje kuyadumisha mazoezi haya bila kuyaacha njiani kama nilivyozoea?

Mwalimu Mstaafu, Muheza

Marahaba, binti yangu. Nilifundisha baiolojia shule ya sekondari kwa miaka 31, na katika miaka yote hiyo nilichora ubaoni karibu kila siku, hivyo nitazungumzia upande ninaoujua na kuwaachia wengine upande wa watu.

Umesema hakuna kinachotulia. Ni kweli, lakini nakuomba ulitazame jambo hilo kwa namna nyingine: karibu kila kilicho hai hurudi. Yangeyange aliyeruka atatua hatua thelathini mbele na kusimama kwa mkao ule ule, kwa sababu mkao ule ndio unaompatia samaki. Maji yaliyopwa yatajaa na kupwa tena. Kazi yako, basi, ni kukaa mahali pamoja muda wa kutosha na kurudi hapo mara nyingi, wala usimfuate ndege kwa miguu. Mchoraji anayebadilisha mahali kila wiki huanza upya kila wiki, na nina shaka kwamba madaftari yako saba yamekufa kwa sababu hiyo, si kwa uvivu.

Kwa kuwa ratiba yako ni ya zamu, usiifuate saa ya ukutani, fuata bamvu. Wewe ni mtu wa pwani na unajua kwamba mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu maji hujaa sana na kupwa sana, na katika mwambao wetu siku hizo maji huwa yamepwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Hiyo ni takriban mara mbili kwa mwezi. Katika siku mbili tatu za bamvu hutakosa hata asubuhi moja ambayo hauko kazini. Nenda ukakae chini ya mti ule ule.

Sasa chagua kitu kimoja ambacho hakitaruka. Katika mikoko, mimi ningechagua tunda la mkoko wenyewe, ule wenye mizizi inayotoka shinani na kujipinda kama miguu ya buibui kabla ya kuingia topeni. Lile tunda refu la kijani linaloning'inia kwa kweli ni mche ulioota ukiwa bado juu ya mti. Hurefuka hapo hapo mpaka siku utakapodondoka na kusimama topeni au kuchukuliwa na maji. Funga uzi wa rangi kwenye kijiti kilichobeba tunda moja, usiukaze, kisha pima urefu kwa rula, chora, andika tarehe. Bamvu linalofuata, pima na kuchora tunda lile lile. Ukurasa wa nne au wa tano utakuvuta wewe mwenyewe bila kulazimishwa, kwa sababu utataka kujua limefika wapi, na mtu anayetaka kujua jambo haachi daftari.

Kuhusu maandishi ya pembeni, nitakupa mfano wa karibu na kwetu. Kituo cha utafiti cha Amani, huku juu Usambara Mashariki, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na moja ya kazi zake ilikuwa kukusanya mimea, kuibana katikati ya karatasi na kuikausha. Jani lililokaushwa hubaki na umbo lake kwa miaka mingi sana, lakini ua hupoteza rangi, harufu hutoweka, na hakuna anayeweza kujua kama mti ulikuwa na urefu wa mita mbili au ishirini. Ndiyo sababu mkusanyaji makini huandika kwenye lebo rangi ya ua likiwa bichi, mahali, mwinuko, tarehe na kimo cha mmea. Nawe fanya vivyo hivyo: chora kile ambacho mstari unaweza kukishika, na uandike kile ambacho mstari hauwezi. Kama una penseli nyeusi tu, usihangaike kuonyesha rangi. Andika "upande wa chini ni kijivu, juu ni kijani kilichoiva".

Tena chora ili kutofautisha. Chukua jani la mkoko na jani la mchu, ambao ni mti wa aina nyingine katika mikoko, uyaweke kwenye ukurasa mmoja. La mkoko lina ncha ndogo kali kama mwiba, na ukiligeuza utaona vidoa vidogo vyeusi upande wa chini. La mchu halina ncha hiyo, upande wake wa chini ni mweupe wa kijivujivu, na siku ya jua kali utaona chembe za chumvi juu yake. Lilambe na utajua kwa nini. Mizizi nayo ni hivyo hivyo: ya mchu huchomoza topeni wima, myembamba na mingi, kama penseli zilizochomekwa. Baada ya kuyachora haya kwa mkono wako hutayachanganya tena maisha yako yote, hata kama michoro yenyewe haipendezi.

Na sasa jambo moja linalounganisha madaftari yako mawili. Umesema unaijua mifupa. Mtazame yangeyange: kile kiungo cha katikati ya mguu ambacho watu husema ni goti lililopinda kinyumenyume si goti. Ni kifundo cha mguu. Goti lake halisi liko juu, limefichwa na manyoya karibu na tumbo, na linapinda mbele kama lako. Mbuzi vilevile: kile kinachoonekana kama goti la nyuma lililogeuka ni kisigino chake, kwa hiyo mbuzi anatembea siku zote juu ya ncha za vidole. Chora mguu wako, mguu wa mbuzi na mguu wa yangeyange kwenye ukurasa mmoja, halafu weka alama moja kwa goti, nyingine kwa kifundo. Ukishaona kwamba ni mguu ule ule uliorefushwa hapa na kufupishwa pale, swali la daftari moja au mawili litapungua uzito.

Jonathan Kingdon, aliyezaliwa Tabora mwaka 1935 na kufundisha sanaa Makerere, alifanya kazi yake kubwa juu ya wanyama wa Afrika Mashariki kwa njia hiyo. Majuzuu yake yaliyotoka kati ya 1971 na 1982 yana michoro ya wanyama hai pamoja na michoro ya misuli na mifupa iliyo chini ya ngozi. Mnyama akigeuka, mkono wake ulijua kinachogeuka ndani. Wewe muuguzi umekwisha kusoma nusu ya somo hilo.

Mchoraji wa Mji Mkongwe, Unguja

Assalaam aleikum dada, na heshima kwako Mwalimu. Mimi nimechora watu katika vichochoro vya mji wetu kwa zaidi ya miaka 20, kwa hiyo nitaendelea pale Mwalimu alipoishia, maana neno lake kwamba mkao hurudi ndilo nililojifunza mwishoni wakati ingefaa nijifunze mwanzoni.

Njooni Forodhani siku ya bamvu, mnamo saa kumi na moja jioni maji yakiwa yamejaa, muone vijana wanavyoruka baharini. Kijana mmoja yuko hewani kwa muda usiofika sekunde mbili. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kumchora katika muda huo. Lakini anaporuka mara ya kwanza anajikunja magoti kifuani, anatoka majini, anapanda ukuta, anakimbia, na anaruka tena vilevile. Mimi huugawa ukurasa sehemu nne: mkimbio, kuachia ukuta, kujikunja, kuingia majini. Mrukaji wa kwanza namtazama tu, sichori. Wa pili namtazama sehemu moja tu, tuseme mgongo. Kisha nafumba macho, namwona bado, na nauweka mgongo ule kwa mstari mmoja. Wa tatu ananipa mikono. Michoro yote minne inakua kwa pamoja, na kila mkao unaporudi naongeza kitu kwenye sehemu yake. Njia hiyo hiyo itakufaa kwa yangeyange wako, kwa fundi cherehani, kwa mama anayekuna nazi na kwa mvuvi anayetengeneza nyavu, kwa sababu mtu aliye kazini hurudia mwendo mmoja mara mia. Aliyekaa bure ndiye anayebadilika ovyo, na ndiye pia anayekuona.

Kuhusu watu kukakamaa, nadhani unaanza na kichwa, kisha shingo, kisha mabega, ukishuka kama anayejenga ghorofa kutoka juu. Anza na uzito. Jiulize: uzito wa mtu huyu umeshukia mguu upi? Mtu akisimama kwa kupumzika huuachia mguu mmoja kazi yote. Nyonga ya upande huo hupanda, bega la upande huo hushuka, na uti wa mgongo hujipinda katikati ili kuyapatanisha. Ukidondosha uzi wenye jiwe kutoka kwenye kile kishimo kilicho chini ya koo, baina ya mitulinga miwili, utaangukia karibu na kisigino cha mguu uliobeba. Basi weka kwanza mistari mitatu tu: mmoja wa mabega, mmoja wa nyonga, na mmoja wa kisimamo. Kama mistari ya mabega na nyonga imelala sambamba, umechora askari kwenye gwaride. Ikiwa inaelekea kukutana upande mmoja, umechora mtu anayesubiri daladala.

Mtazame mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Kichwa na shingo havitikisiki, maana maji yatamwagika, kwa hiyo mwendo wote umehamia nyongani na magotini. Nilijaribu kumchora mama wa namna hiyo kwa miezi kadhaa na kila mara alionekana kama sanamu, mpaka siku moja nilipomchora kuanzia kiunoni kwenda chini tu, nikaacha juu wazi. Ukurasa ule ulitembea. Kesho yake niliongeza shingo kwa mstari mmoja ulionyooka.

Vile vichwa saba na nusu ni kipimo kizuri cha mtu mzima aliyesimama wima, lakini ni mara chache mtu kusimama wima mbele yako. Akiketi, akiinama au akikujia, kipimo kinavunjika. Nyoosha mkono kabisa, shika penseli wima, fumba jicho moja, na upime kichwa chake jinsi kinavyoonekana kutoka hapo ulipo, kisha ulinganishe na paja lake jinsi linavyoonekana, ambalo huenda likawa fupi kuliko kichwa kama goti limekuelekea. Mkono wako hautaki kuamini. Uamuru uandike kile ulichopima. Na usimchore mtoto kama mtu mzima mdogo: mtoto wa mwaka mmoja ni takriban vichwa vinne tu.

Mavazi yetu pia usiyaogope. Huko Ulaya vyuo vingi vya sanaa humkalisha mtu uchi ili wanafunzi wamchore, nasi kwetu jambo hilo halina mahali, wala hatulihitaji ili tujifunze. Wavuvi, mahamali na vijana wa Forodhani wanatuonyesha mgongo na mabega ya kutosha. Na kanga inaeleza mwili kwa namna yake: mikunjo yake yote huanzia mahali kitambaa kinaposhikwa au kuegemea, yaani begani, kifuani, kiunoni kilipofungwa, na kwenye goti linaposukuma mbele. Tafuta sehemu hizo nne, chora mikunjo mitano au sita inayotoka hapo, na uiache mingine. Atakayeuona mchoro atajua goti liko wapi.

Sasa yule bwana wa kituo cha mabasi. Pole sana, lakini naye tumwelewe. Mtu akitazamwa na mgeni kwa dakika kumi bila salamu ana haki ya kuuliza. Mimi siketi mahali kama mgeni. Kwa mshona viatu napeleka kiatu, nasalimu, naulizia hali ya kazi, kisha nasema: "Mimi najifunza kuchora, naomba nikuchore mikono yako ikifanya kazi." Mikono, si uso. Karibu wote hukubali, kwa sababu mtu anajivunia kazi ya mikono yake. Nikimaliza namwonyesha, hata kama mchoro ni mbaya. Baada ya siku tatu au nne yeye mwenyewe huuliza mbona sijamchora uso. Anayekataa, namshukuru na kufunga daftari. Watoto siwachori bila mzazi kujua. Na wewe, dada, kwa kazi yako, mgonjwa usimchore kabisa, hata kwa kumbukumbu ukiwa nyumbani. Nina hakika unalijua hilo kuliko mimi, lakini nalisema kwa sababu vijana wengine watasoma hapa.

Mwandika Mabango, Mombasa

Hamjambo nyote. Nakubaliana na mengi, ila kwenye suala la daftari moja naomba kutofautiana na Mwalimu, kwa sababu ya karatasi.

Michoro ya watu inataka wingi. Mimi nikiwa na siku nzuri nachora watu 40, na 35 kati yao hawafai kitu. Mtu akichora hivyo kwenye daftari la bei kubwa mkono unakuwa bahili: anaogopa kuharibu, na hofu hiyo ndiyo inayowakakamaza watu wake. Chukua karatasi za fotokopi zilizotumika upande mmoja, zikate katikati, uzibane kwa stepla, na uchore kwa kalamu ya bairo isiyofutika. Raba iache nyumbani. Mstari ukikosea, weka mwingine kando yake, na ule wa kwanza ubaki ukikuonyesha ulipokosea. Karatasi nzuri iweke kwa majani na matunda yako, ambayo yanataka utulivu na pengine rangi za maji.

Neno moja kuhusu pwani. Hewa yetu ina unyevu, na kiganja kikitoa jasho penseli laini kama 4B huchafua ukurasa mzima. Tumia HB au 2B, na uweke kipande cha karatasi chini ya kiganja. Wino wa bairo una mafuta, haukimbii ukiloa. Kalamu nyingine nyingi za wino hukimbia, kwa hiyo zijaribu kwa tone la maji kabla ya kwenda nazo ufukweni. Daftari lililojaa lihifadhi kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko, la sivyo masika yakiisha utalikuta lina ukungu.

Mchoraji wa Mji Mkongwe, Unguja

Ndugu yangu wa Mombasa amesema kweli kuhusu karatasi za bei rahisi, nami pia hutumia. Ila naomba kila kipande kiandikwe tarehe, na mwisho wa mwezi vile vitano vinavyofaa vibandikwe kwenye daftari la mazingira, karibu na ukurasa wa siku hiyo hiyo. Hivyo mtu anabaki na kitabu kimoja kinachosomeka kama mwaka wake mzima, na wakati huohuo haogopi kuharibu karatasi. Nadhani hapo wewe na Mwalimu mnakutana.

Mwalimu Mstaafu, Muheza

Nimekubali, na nimejifunza. Shuleni tulikuwa na tatizo hilo hilo: mwanafunzi aliyepewa daftari zuri la michoro alichora kwa woga, na yule aliyechora chini mchangani kwa kijiti alichora vizuri zaidi. Sikuwahi kufikiri kwamba sababu ni karatasi.

Muuguzi wa Tanga

Nawashukuru wote kwa moyo wangu wote. Nilisubiri wiki saba kabla ya kujibu kwa sababu sikutaka kuja na maneno matupu.

Nimekwenda kwenye mikoko mara nne, zote siku za bamvu, na sijakosa hata moja. Nilifunga uzi mwekundu kwenye tunda moja la mkoko lililoko usawa wa kifua changu. Mara ya kwanza lilikuwa na sentimita 31. Safari iliyofuata nilipima mara tatu kwa sababu sikuamini kwamba limeongezeka kidogo vile, chini ya sentimita mbili, nikaona kwamba kwa macho yangu tu nisingeligundua hata kidogo. Jani la mchu nimelilamba, Mwalimu, na nikamlambisha mdogo wangu niliyekwenda naye. Kisha tukakaa kimya kwa muda mrefu tukiwatazama wale kaa wadogo wenye gando moja kubwa, na katika madume tisa tuliyoyahesabu matano yalikuwa na gando kubwa kulia na manne kushoto. Sijui bado kwa nini, lakini swali hilo limeandikwa kwenye ukurasa wake, na safari ijayo tutahesabu tena.

Ukurasa wa miguu mitatu nimeuchora. Mguu wa mbuzi nilichorea buchani kwa ridhaa ya mwenye bucha, na nilipouweka kifundo cha mguu mahali pake nilisimama nikicheka peke yangu, kwa sababu nimewafunga bendeji watu wengi mahali hapo hapo na sikuwahi kufikiri kwamba mbuzi anacho.

Kwa watu nilianza na mshona viatu mwenye kibanda karibu na njia ninayopita nikitoka zamu. Nilipeleka sandali, nikamwomba nichore mikono, akakubali. Nilichokiona ni kwamba mkono wa kushoto haufanyi chochote kinachoonekana: umelala juu ya kiatu na kukibana kwenye paja, na ni wa kulia tu unaochoma sindano na kuvuta uzi mpaka bega linapanda. Nilimchora mara kumi na nne kwenye karatasi za fotokopi. Kwenye kumi za kwanza nilichora mikono yote miwili kwa nguvu sawa, na yote ilionekana imekufa. Kwenye ya kumi na moja niliuchora wa kushoto kwa mstari mzito uliotulia na wa kulia kwa mistari miwili mitatu ya haraka, na kwa mara ya kwanza mtu kwenye karatasi yangu alionekana anashona. Nilimwonyesha. Aliitazama, akasema bega hilo ndilo linalomuuma usiku, akaniuliza nimelijuaje. Tumezungumza juu ya bega hilo kwa muda, nikamshauri aje kliniki, na alikuja.

Ameniambia sasa niko huru kumchora uso, lakini nimemwomba anisubiri kidogo, kwa sababu bado nataka kuuelewa mgongo wake anapoinama juu ya kiatu. Nimeona kwamba nyuma ya shati, mikunjo yote inaanzia kwapa la kulia.

Nina swali moja dogo limebaki kwa Mwandika Mabango: karatasi za fotokopi nikizibandika kwenye daftari kwa gundi ya maji zinajikunja kingo. Je, unatumia gundi gani? Jumamosi ni bamvu, nami niko zamu ya usiku, kwa hiyo asubuhi nitapitia mikoko moja kwa moja nikiwa na rula, na ningependa daftari liwe limenyooka.

Mwandika Mabango, Mombasa

Dada, acha gundi ya maji. Tumia gundi ya kijiti, ile kavu ya kupaka, weka kwenye pembe nne tu, kisha funga daftari na uliwekee kitu kizito juu usiku kucha. Mimi naliwekea betri ya gari. Na ukilipima tunda lako Jumamosi, tuandikie hapa limefika sentimita ngapi.